Kutoka Makoongwe hadi Serengeti: Namna ya Kupanga Safari ya Kushuhudia Uhamaji wa Nyumbu

MAKOONGWE, PEMBA – Mkaazi wa kisiwa cha Makoongwe anayetaka kuushuhudia msafara mkubwa wa nyumbu katika mbuga za Serengeti huianza safari yake kwa chombo kidogo kinachomvusha hadi Bandari ya Mkoani. Kutoka hapo huvuka bahari hadi Unguja, akavuka tena hadi Dar es Salaam, ndipo akaanza safari ya nchi kavu. Ni masafa yanayomgharimu mtu siku nyingi na fedha aliyoikusanya kwa taabu, na kwa sababu hiyo ni safari isiyostahiki kufanywa kwa kubahatisha.

Tangu filamu ya Tanzania: The Royal Tour ilipozinduliwa mwaka 2022, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan aliwaongoza watazamaji katika vivutio vya Bara na Zanzibar, wananchi wamezidi kuhimizwa kutembelea hifadhi za nchi yao. Hata hivyo, wito ni jambo moja na maandalizi ni jambo jingine. Familia au kikundi kinachofika Serengeti katika mwezi usiofaa, au katika mwezi unaofaa lakini upande usiofaa wa hifadhi, kinaweza kuzunguka siku mbili bila kuliona kundi kubwa lililowatoa nyumbani. Makala haya yanaeleza uhamaji huo ni nini, unafuata kalenda gani, na mwananchi wa kisiwani ajipange vipi ili akiba yake isipotee.

Uhamaji wa nyumbu ni nini

Kila mwaka nyumbu wapatao milioni 1.3, wakifuatana na pundamilia zaidi ya 200,000, maelfu kwa maelfu ya swala tomi na makundi ya pofu, huzunguka katika eneo linaloanzia nyanda za kusini mwa Serengeti na Ngorongoro hadi Maasai Mara nchini Kenya, kisha hurudi walikotoka. Mzunguko huo hauna mwanzo wala mwisho unaoweza kuwekewa tarehe. Wanyama hao hawaondoki siku moja wala hawafiki siku moja. Hutawanyika, hukusanyika, husonga mbele na wakati mwingine hurudi nyuma, wakiyafuata majani mabichi na maji.

Sehemu kubwa ya mzunguko huo iko Tanzania. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Inapakana na Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, yenye kilomita za mraba zipatazo 8,292. Kwa kulinganisha, Hifadhi ya Maasai Mara upande wa Kenya ina kilomita za mraba zipatazo 1,510. Nyumbu huishi ndani ya mipaka ya Tanzania kwa miezi mingi ya mwaka, na ndama wengi huzaliwa katika ardhi ya Tanzania. Serengeti iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Wingi huo wa nyumbu haukuwapo siku zote. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki na kuangamiza ng'ombe pamoja na wanyamapori wa jamii yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa takribani robo milioni tu. Chanjo ya ng'ombe katika maeneo yanayoizunguka hifadhi iliukata mnyororo wa maambukizi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 idadi ya nyumbu ilikuwa imevuka milioni moja. Dunia nzima ilitangazwa kuwa huru dhidi ya sotoka mwaka 2011. Kwa maneno mengine, kundi analokwenda kulitazama mtalii leo limekuzwa pia na wafugaji waliokubali ng'ombe wao wachanjwe.

Kalenda ya nyumbu na kalenda ya pepo

Wakaazi wa Makoongwe, ambao maisha yao yanategemea bahari, wanazijua vyema pepo za kaskazi na kusi pamoja na mvua za masika na vuli. Kalenda hiyo hiyo inaweza kuwasaidia kukisia nyumbu wako wapi, kwa kuwa mabadiliko ya majira yanayoleta mvua visiwani ndiyo pia yanayozileta au kuzikausha mvua za Serengeti.

Kaskazi inapovuma, kuanzia Disemba hadi Machi, nyumbu huwa katika nyanda za majani mafupi za kusini, hususan eneo la Ndutu lililo katika mpaka wa Serengeti na Ngorongoro. Udongo wa huko umetokana na majivu ya volkano, ikiwemo ya mlima Ol Doinyo Lengai, na majani yake yana madini ya kalsiamu na fosforasi ambayo mama anayenyonyesha na ndama anayekua huyahitaji. Kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Machi nyumbu huzaa karibu kwa pamoja, na katika muda wa wiki chache ndama wapatao laki nne au zaidi huwa wamezaliwa. Ndama husimama dakika chache baada ya kuzaliwa na muda mfupi baadaye huweza kukimbia na mama yake. Kuzaa kwa pamoja ni kinga: simba, fisi, duma na mbweha hula kadiri wawezavyo, lakini hawawezi kuwamaliza ndama wote kwa wakati mmoja.

Masika yanapoingia, Aprili na Mei, makundi huanza kuelekea magharibi na kaskazini kupitia Moru na Seronera, katikati ya hifadhi. Huu pia ndio wakati ambao baadhi ya barabara za udongo huharibika kwa mvua. Bei za malazi kwa kawaida hushuka, lakini msafiri huwa katika hatari ya gari kukwama matopeni.

Kusi inaposhika, mwezi wa Juni, makundi mengi huwa katika ukanda wa magharibi unaoelekea Ziwa Victoria, ambako huvuka Mto Grumeti. Madume hupigania majike katika kipindi hiki cha kupandana, na mimba hubebwa kwa muda wa takribani miezi minane na nusu, jambo linaloeleza kwa nini uzazi huangukia Februari.

Kuanzia Julai hadi Oktoba, wakati kusini kumekauka, nyumbu huwa kaskazini mwa Serengeti, eneo la Kogatende, na upande wa Maasai Mara. Hapo ndipo huvuka Mto Mara, ambao chanzo chake ni msitu wa Mau nchini Kenya na ambao humwaga maji yake katika Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Mto huo ndio pekee katika njia yao unaobaki na maji ya kutosha wakati wa kiangazi. Mvua za vuli zinapoanza, Novemba, makundi hurudi kusini kwa kupitia upande wa mashariki, eneo la Lobo, na mzunguko huanza upya.

Kalenda hiyo ni ya kukisia. Mvua ikiwahi, nyumbu huwahi; ikichelewa, nao huchelewa. Msafiri anashauriwa kuuliza kabla ya kuondoka, kwa ofisi za hifadhi au kwa wakala aliyesajiliwa, makundi yako upande gani kwa wiki hiyo.

Kuvuka mto au kuzaa: nini cha kuchagua

Picha zinazosambaa zaidi ni za nyumbu wakijitosa katika Mto Mara huku mamba wakiwasubiri. Wengi huamini kwamba asiyeliona tukio hilo hajaona kitu. Ukweli ni kwamba kuvuka mto ni tukio lisilo na saa. Kundi linaweza kusimama ukingoni tangu asubuhi hadi jioni, kisha likageuka na kurudi malishoni. Jingine huvuka leo na kurudi kesho. Watafiti wamekadiria kwamba kwa wastani zaidi ya nyumbu 6,000 hufa maji katika Mto Mara kila mwaka, na mizoga yao huwa chakula cha samaki, mamba na ndege kwa muda mrefu.

Kwa mwananchi mwenye siku mbili au tatu tu ndani ya hifadhi, kipindi cha kuzaa kina uhakika zaidi. Kati ya Januari na Machi makundi hukaa katika uwanda mmoja ulio wazi, na mtu huweza kuyaona hata akiwa mbali. Aidha, Ndutu hufikika kwa barabara ya Arusha, Karatu na Ngorongoro, bila kulazimika kuivuka hifadhi nzima hadi kaskazini.

Hata hivyo, kipindi hicho kinahitaji kupimwa pamoja na mambo mengine ya nyumbani. Kwa mwaka 2026 na 2027, mwezi mtukufu wa Ramadhani unaangukia Februari na kuendelea hadi Machi. Familia nyingi za Pemba hazitapenda kuwa safarini wakati huo. Kwa hao, nusu ya pili ya Januari inafaa, kwa kuwa nyumbu huwa tayari wamefika kusini na baadhi yao wameanza kuzaa. Wenye watoto wa skuli watalazimika kuangalia likizo, na wengi wao watajikuta katika miezi ya katikati ya mwaka, wakati nyumbu wako magharibi au kaskazini.

Mlango wa kuingilia hutegemea mwezi

Kosa linalojirudia kwa wasafiri wa mara ya kwanza ni kudhani kwamba Serengeti ni sehemu moja. Mtu aliyeingia kwa lango la Naabi, kusini, mwezi Agosti, atakuwa na safari ndefu ya gari kabla ya kulifikia kundi lililoko Kogatende.

Kati ya Disemba na Machi, njia inayofaa ni ya Arusha na Ngorongoro. Msafiri azingatie kwamba njia hiyo hupita ndani ya eneo la Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, ambayo ina ada zake mbali na zile za Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Ndutu yenyewe kwa sehemu kubwa iko upande wa Ngorongoro. Asiyeliweka hilo katika bajeti hushtuka langoni.

Mwezi wa Juni, njia ya Mwanza hadi lango la Ndabaka, lililo karibu na barabara kuu ya Mwanza na Musoma, humfikisha msafiri moja kwa moja katika ukanda wa magharibi. Kuanzia Julai hadi Oktoba, wanaotoka upande wa Mkoa wa Mara hupata njia fupi ya kuelekea kaskazini mwa hifadhi kuliko wanaotoka Arusha. Anayechagua kipindi hiki afikirie kusafiri kupitia Mwanza au Musoma, badala ya kuifuata njia ya Arusha kwa sababu tu ndiyo iliyozoeleka.

Hesabu ya siku

Kwa anayetumia vyombo vya baharini na mabasi, safari ya kipindi cha kuzaa inaweza kupangwa hivi. Siku ya kwanza ni ya kutoka Makoongwe hadi Mkoani na kupanda boti au meli ya Unguja. Siku ya pili ni ya kuvuka hadi Dar es Salaam na kulala. Siku ya tatu huishia katika basi la Arusha, safari inayochukua kutwa nzima. Siku ya nne ni ya kutoka Arusha hadi Ngorongoro na Ndutu. Siku ya tano na ya sita ni za kutazama wanyama. Siku ya saba ni ya kurudi Arusha, na siku tatu zinazofuata ni za kurejea Dar es Salaam, Unguja na hatimaye Pemba.

Hesabu hiyo inaonesha kwamba kati ya siku kumi, ni mbili tu zinazotumika kutazama wanyama. Kutokana na hali hiyo, mwenye uwezo wa kuongeza siku moja aiongeze ndani ya hifadhi, kwani nauli ya kwenda na kurudi haibadiliki. Wenye fedha zaidi wanaweza kupunguza siku za njiani kwa kupanda ndege kutoka Uwanja wa Ndege wa Pemba na kuunganisha hadi Arusha, Kilimanjaro au Mwanza.

Juu ya siku hizo kumi, inashauriwa ziwekwe siku mbili za akiba kwa ajili ya bahari. Kusi inapovuma kwa nguvu, kuanzia Juni hadi Agosti, vyombo vinaweza kuahirishwa. Mtu asipange safari hiyo ikabanana na mtihani, miadi ya hospitali au siku ya kurudi kazini.

Usalama wa baharini kwanza

Wananchi wa Pemba hawahitaji kukumbushwa kwa maneno mengi juu ya hatari ya chombo kilichojaa kupita kiasi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kuelekea Pemba, na mamia ya watu walipoteza maisha. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam, katika bahari iliyochafuka kwa upepo.

Mafunzo ya misiba hiyo yamo katika mambo madogo. Msafiri anunue tiketi yenye jina lake, aliloliandika kama lilivyo katika kitambulisho, kwa sababu orodha ya abiria ndiyo inayotumika katika uokozi. Watoto nao wakatiwe tiketi na kuandikwa. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) zifuatiliwe siku moja kabla. Chombo kinachoonekana kujaa kupita kiasi kisipandwe, hata kama nafasi imeshalipiwa. Fedha hutafutwa tena. Tahadhari hiyo hiyo inahusu mkono mfupi wa bahari kati ya Makoongwe na Mkoani, ambako mazoea huwafanya baadhi ya watu kuvuka bila koti la kuokolea maisha.

Gharama na namna ya kuzigawa

Raia wa Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki hulipa ada ya kiingilio kwa shilingi, na kiwango chake ni kidogo sana kikilinganishwa na kile cha wageni kutoka nje. Watoto wenye umri wa miaka 5 hadi 15 hulipa pungufu zaidi, na walio chini ya miaka 5 hawalipi. Ili kupata kiwango hicho, msafiri anapaswa kuthibitisha uraia wake. Hivyo Kitambulisho cha Taifa kisiachwe nyumbani. Kibali huhesabiwa kwa saa 24, na malipo hufanywa kwa njia za kielektroniki. Viwango hupitiwa mara kwa mara, na inafaa vithibitishwe katika ofisi au tovuti rasmi za TANAPA na Ngorongoro kabla ya kukusanya michango.

Kiingilio si mzigo mkubwa kwa Mtanzania. Mzigo mkubwa ni gari. Gari la kukodi hulipiwa kwa siku, na bei yake ni ile ile abiria wakiwa wawili au sita. Watu sita wanaosafiri pamoja hugawana gari, mafuta na malipo ya dereva kwa mafungu sita, na gharama ya kila mmoja hushuka hadi theluthi ya ile ambayo wangelipa wakiwa wawili. Hapa ndipo umoja wa shehia, skuli au kikundi cha kuweka na kukopa unapokuwa na faida kubwa kuliko punguzo lolote la bei.

Kikundi kikianza kuchanga mwaka mmoja kabla, mzigo hugawika katika miezi 12. Yafaa fedha hizo ziwekwe katika akaunti ya kikundi, zitolewe kwa saini za watu zaidi ya mmoja, na kuwe na maandishi yanayoeleza mtu anarudishiwa kiasi gani akijitoa. Bajeti iwe na mafungu yanayojitegemea: nauli za baharini, nauli za nchi kavu, malazi ya njiani, ada za hifadhi, gari, chakula na dharura. Fungu la dharura lisiguswe kwa ununuzi wa zawadi.

Kwa upande wa malazi, si lazima mwananchi alale katika hoteli za kifahari. Yapo maeneo ya kupiga kambi, na TANAPA ina mabanda ya kupumzikia pamoja na hosteli zinazofaa kwa makundi ya wanafunzi. Nafasi hizo ni chache na huombwa mapema.

Anayechagua kupitia wakala ahakikishe kuwa wakala huyo ana leseni halali ya biashara ya utalii, ana ofisi inayojulikana, na anatoa mkataba na risiti. Mkataba uandike idadi ya siku, aina ya gari, ada zilizojumuishwa na zisizojumuishwa. Fedha isitumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi aliyejitangaza mtandaoni kwa bei inayoshangaza. Tangazo la aina hiyo likimfikia mwananchi, alipeleke kwa sheha au kituo cha polisi kabla ya kuwashawishi wenzake.

Afya: malaria, baridi na mbung'o

Zanzibar imepiga hatua kubwa katika kupambana na malaria, na kiwango cha maambukizi kimekuwa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi. Mafanikio hayo yana upande wa pili: watu wengi wa visiwani, hasa vijana, hawana kinga ya mwili waliyoipata kwa kuugua mara kwa mara. Mikoa ya Kanda ya Ziwa, ikiwemo Mwanza na Mara, bado ina maambukizi ya juu zaidi.

Kwa sababu hiyo, msafiri aonane na mtoa huduma za afya kabla ya kuondoka na kuuliza juu ya dawa za kinga, hususan kwa wajawazito na watoto wadogo. Alale ndani ya chandarua na avae nguo za mikono mirefu jioni. Akirudi na homa, hata wiki kadhaa baadaye, aende kupima mara moja na aeleze kwamba alikuwa Bara. Sehemu kubwa ya malaria inayogundulika Zanzibar huhusishwa na safari, na mgonjwa mmoja asiyetibiwa katika kisiwa kidogo kama Makoongwe anaweza kuwa chanzo cha maambukizi kwa majirani zake.

Baridi nayo isidharauliwe. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi kali kwa mtu aliyezoea joto la pwani. Sweta, soksi na blanketi ni vitu vya lazima. Aidha, baadhi ya maeneo ya Serengeti yana mbung'o, ambao huvutiwa na nguo za rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi, na ambao wanaweza kueneza ugonjwa wa malale. Nguo za rangi ya udongo zinafaa zaidi.

Wajibu wa mgeni ndani ya hifadhi

Mgeni hatakiwi kushuka garini mahali pasiporuhusiwa, kulisha wanyama, kupiga honi wala kutupa taka. Mwendo wa gari haupaswi kuzidi kilomita 50 kwa saa, na gari halitakiwi kuacha barabara ili kuwakaribia wanyama. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019, hivyo vyakula vifungwe katika vyombo au vikapu.

Katika Mto Mara, magari yanayoziba njia ya kushukia majini yanaweza kulifanya kundi likate tamaa na kurudi, au livuke mahali penye kingo kali na kuumizana. Abiria ana haki ya kumwambia dereva wake asogee nyuma. Atakayevumilia kwa mbali huona zaidi, kwa kuwa wanyama wasiotishwa hufanya walichokusudia.

Kwa asiyeweza kusafiri mwaka huu

Wapo ambao hesabu yao haitatimia mwaka huu wala ujao. Kwao, uhamaji wa wanyama haupo Serengeti pekee. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wakubwa wanaotoka bahari za kusini kabisa mwa dunia hufika katika pwani ya Afrika Mashariki kuzaa na kulea watoto wao, na huonekana katika maji ya Tanzania, yakiwemo yanayovizunguka visiwa vya Zanzibar. Kasa hupanda kutaga katika fukwe za kisiwa cha Misali, na popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, huruka kila jioni kwenda kutafuta matunda. Mvuvi wa Makoongwe anayezima mashine ya boti yake ili nyangumi na mtoto wake wapite anatekeleza wajibu ule ule anaotakiwa kuutekeleza dereva aliyesimama kando ya Mto Mara.

Mambo ya kukamilisha kabla ya kuondoka

Mwananchi aliyeamua kusafiri anashauriwa kukamilisha mambo sita kwa utaratibu huu: achague mwezi kwa kuzingatia anachotaka kukiona, achague lango linaloendana na mwezi huo, aunde kundi la watu wa kugawana gari, athibitishe ada na kuweka nafasi ya malazi, aonane na mtoa huduma za afya, na mwisho afuatilie utabiri wa hali ya hewa ya bahari kabla ya kukata tiketi ya siku ya kuondoka.

Utaratibu huo ukigeuzwa, tiketi ikanunuliwa kwanza na maswali yakaulizwa baadaye, gharama huwa ile ile lakini nyumbu huwa wamekwishahama.